Kubadilisha Difu ya Gari la Zamani: Meno Tu, Kichwa Kizima, Ekseli Nzima, au Uiache Ilivyo?

Gari la miaka ya 1950 au 1960 likifika kilomita 90 kwa saa, mara nyingi injini huwa imeshaanza kulalamika na mkono wa dereva unapapasa gia ya tano ambayo haipo. Hapo ndipo mazungumzo ya difu huanza, yaani zile gia za ekseli zinazopeleka nguvu ya propela kwenye magurudumu. Mwenye MGA anasikia kwamba MGB ina difu ya 3.909 wakati yake ni ya 4.3. Mwenye Morris Minor anaambiwa kuna Midget inayovunjwa mahali. Mwenye Land Rover anaoneshwa difu ya Range Rover iliyolala kwenye kona ya gereji. Wote wanapewa jibu moja: chukua, funga, utapumua.

Kwa baadhi yao jibu hilo ni sahihi. Lakini zipo njia kadhaa za kushusha mizunguko ya injini barabarani, na hazilingani kwa kazi, kwa hatari, wala kwa namna gari litakavyoendesheka baadaye. Niseme mapema ninakoegemea. Gari likiwa na injini yake ya kiwandani, ningechukua kichwa cha difu cha modeli iliyo ndugu yake, kwa hatua moja ndogo. Anayetaka zaidi ya hapo aiache difu, aende kwenye giaboksi. Ekseli nzima ningemwachia aliyekwisha kubadilisha injini.

## Namba kabla ya spana

Uwiano wa difu ni meno ya krauni (gia kubwa inayozungusha magurudumu) yakigawanywa kwa meno ya pinioni (gia ndogo inayozungushwa na propela). Difu ya 4.3 ya MGA ina krauni ya meno 43 na pinioni ya meno 10. Ile ya 3.909 ya MGB ni 43 kwa 11. Tofauti yote hiyo inayozungumzwa ni jino moja la pinioni. Namba ikiwa kubwa, hiyo ni difu ya nguvu: gari huondoka kwa wepesi na kupanda mlima bila kubembelezwa, ila mwendoni injini hupiga kelele. Namba ikiwa ndogo, hiyo ni difu ya mwendo.

Hesabu yake haihitaji fundi. Pima mzingo wa tairi kwa mita, zidisha kwa 60, kisha gawanya kwa uwiano wa difu. Utapata kilomita kwa saa kwa kila mizunguko 1,000 ya injini, ukiwa kwenye gia ya nne ya moja kwa moja. Kwa tairi lenye mzingo wa mita 1.9, ambao uko karibu na ule wa magari mengi madogo ya enzi hizo, mambo yako hivi:

| Uwiano wa difu | Km/saa kwa mizunguko 1,000 | Mizunguko kwa km 100/saa |
|---|---|---|
| 4.55 | 25.1 | 3,990 |
| 4.3 | 26.5 | 3,770 |
| 4.11 | 27.7 | 3,605 |
| 3.9 | 29.2 | 3,420 |
| 3.7 | 30.8 | 3,245 |
| 3.3 | 34.5 | 2,895 |
| 3.07 | 37.1 | 2,695 |

Kati ya 4.3 na 3.9 kuna mizunguko 350. Kwenye karatasi ni kidogo, lakini sikio huitambua tofauti hiyo siku ya kwanza, hasa kwa injini ya silinda nne. Kati ya 4.3 na 3.07 kuna zaidi ya 1,000, na macho ya wengi hukimbilia hapo.

Tatizo ni kwamba difu haichagui gia. Ukishusha namba yake umeirefusha gia ya nne, na pia ya kwanza, ya pili na ya rivasi, upende usipende. Giaboksi ya MGA ina gia ya kwanza ya 3.64, ya pili ya 2.21 na ya tatu ya 1.37. Kwa difu ya 4.3, gia ya kwanza inazidisha nguvu ya injini mara 15.7 hadi kwenye magurudumu. Kwa 3.909 inashuka hadi 14.2, na dereva anazoea kabla tanki la kwanza la mafuta halijaisha. Kwa 3.07 inaanguka hadi 11.2. Kumbuka kwamba gia ya pili ya zamani, na ile difu ya 4.3, ilikuwa inatoa 9.5. Kwa hiyo mwenye 3.07 anaondoka kwenye kila mwinuko kama mtu aliyekosea gia, na anayelipa ni klachi.

Sasa tazama juu. Gia ya tatu ya 1.37 kwa difu ya 3.07 inatoa 4.2, karibu sawa na gia ya nne uliyokuwa nayo mwanzo. Yaani umepata gari la gia tatu pamoja na gia moja ya ziada ya tambarare, na injini ya lita 1.5 ikikutana na upepo wa mbele itakurudisha kwenye ya tatu kila mara. Nguvu inayohitajika kuushinda upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Injini iliyoteremshwa hadi mizunguko 2,700 haina akiba ya kutosha kwa kazi hiyo. Wenyewe waliotengeneza MGB walijua. Hawakuweka 3.07 kwenye gari la silinda nne; waliiweka kwenye MGB GT V8 ya 1973 hadi 1976, yenye injini ya lita 3.5.

Kanuni ninayoifuata: kwa injini ya asili, usivuke asilimia 10 hadi 12 kupitia difu. Kutoka 4.3 hadi 3.9 ni sawa. Kutoka 4.55 hadi 4.22 ni sawa, hata 3.9 kama gari halibebi mizigo na barabara zako ni tambarare. Zaidi ya hapo ni kujitafutia kazi.

## Hakikisha ulichonacho

Kabla ya kununua chochote, hesabu difu iliyomo. Baada ya miaka 60 na wamiliki saba, kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari si ushahidi. Zuia magurudumu ya mbele kwa mbao au mawe, nyanyua gurudumu moja tu la nyuma, weka stendi, toa hendibreki, gia iwe huru. Chora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye propela shafti, ile inayotoka giaboksi kwenda difu. Zungusha gurudumu lililonyanyuliwa mara 20 huku mwenzako akiwa pembeni anahesabu mizunguko ya propela. Kwa kuwa gurudumu la pili limesimama, spaida (gia ndogo zilizo katikati ya difu) zinagawanya mzunguko kwa nusu, hivyo mara 20 za gurudumu ni mara 10 za krauni. Akihesabu 39, difu ni ya 3.9. Akihesabu 43, ni 4.3. Ikiwa gurudumu halizunguki kabisa, difu yako ina kifaa cha kuzuia kuteleza, na hapo nyanyua yote mawili, uyazungushe pamoja mara 10.

Fanya hivyohivyo kwa difu unayoinunua, ikiwa bado iko kwenye gari. Ikiwa imeshatolewa, geuza krauni utazame pembeni: mara nyingi idadi ya meno imegongwa hapo, kama 43/11. Hesabu ya vidole ndiyo ya mwisho.

## Kichwa kizima au krauni na pinioni peke yake

Hapa aina ya ekseli ndiyo huamua nusu ya jambo.

Kuna ekseli ambazo difu yake yote imefungwa kwenye kichwa kimoja cha chuma kinachotoka kwa mbele, kama kikombe kinavyotoka kwenye kishikio chake. MGA, MGB za mwanzo, Morris Minor, Sprite na Midget, Land Rover nyingi, Ford ya inchi 9 iliyoanza 1957, Ford ya inchi 8 na Chrysler ya inchi 8¾ ziko kundi hili. Kuna nyingine ambazo hauzingi yake (ganda la nje) ni kitu kimoja chenye kifuniko nyuma, na gia zinatolewa kipande kwa kipande: MGB za baadaye, Chevrolet za bolti 10 na 12, Ford ya inchi 8.8 na familia ya Dana.

Kwa kundi la kwanza, kubadilisha kichwa ni kazi ya mwishoni mwa wiki. Unamwaga oili, unachomoa hafu shafti (zinazotoka difu hadi magurudumu) pande zote mbili kiasi cha kutoka kwenye meno ya spaida, unafungua propela, unalegeza nati kuzunguka kichwa, unakitoa. Ni kizito na kinatoka ghafla, kwa hiyo kiwe na jeki chini yake. Kichwa kipya kinaingia na gasketi mpya. Uzuri wake mkubwa ni kwamba pinioni na krauni hazijaguswa: kina cha pinioni, mkazo wa beringi na mchezo wa meno vimebaki kama kiwanda kilivyoviweka, au kama fundi wa mwisho alivyoviacha.

Hilo la mwisho ndilo unalonunua bila kuliona, kwa hiyo likague. Shika pinioni kwenye flenji yake, ivute na kuisukuma: isiwe na mchezo wowote wa mbele na nyuma. Zungusha taratibu, uhisi kama kuna mahali inapokaza. Angalia meno ya krauni kwa tochi. Uso wa jino unaong'aa sawasawa ni mzuri. Wenye vishimo vidogo kama ndui ni difu iliyowahi kukosa oili au kuingia maji, na itakulilia.

Krauni na pinioni peke yake ni kazi ya namna nyingine kabisa. Meno ya difu hizi yamekatwa kwa pembe, na pinioni iko chini ya kitovu cha krauni, mpangilio ambao Packard iliuingiza kwenye magari mwaka 1926. Faida ni propela kukaa chini na meno kuwa na nguvu. Hasara ni kwamba meno hayabingirishani tu, yanasuguana pia, na kosa la sehemu ndogo ya milimita hugeuka kelele. Fundi anaongeza au kupunguza shimu (vibati vyembamba) nyuma ya beringi ya pinioni ili kupata kina chake. Anakaza beringi hadi zigome kwa kiasi kilichotajwa na mtengenezaji. Kisha anaweka saa ya kupimia kwenye jino la krauni na kutafuta mchezo wa sehemu moja au mbili za kumi ya milimita. Halafu anapaka rangi nzito ya njano kwenye meno machache, anazungusha huku amebana krauni kwa mkono, na kusoma alama iliyobaki. Alama ikikaa katikati ya jino, vizuri. Ikipanda kwenye ncha, pinioni iko mbali. Ikizama kwenye mzizi, imeingia mno. Anafungua, anabadili shimu, anaanza tena. Fundi mwenye subira hufanya hivyo mara nne tano kabla hajaridhika. Asiye na subira hukuambia itakaa sawa ikishazoea, na haitakaa.

Krauni na pinioni zilisagwa pamoja kiwandani na mara nyingi zimegongwa namba moja. Jozi haichanganywi. Ukiuziwa krauni kutoka huku na pinioni kutoka kule, hata ziwe na meno sahihi, acha.

Kwa nini uwiano huwa namba za ajabu kama 3.909 badala ya 4 kamili? Meno 40 kwa 10 yangemaanisha kila jino la pinioni linakutana na meno yaleyale manne maisha yake yote. Kwa 43 kwa 11 kila jino hukutana na kila jino, na uchakavu unasambaa.

Kwa kundi la pili, la hauzingi moja, huna njia ya mkato. Ni meno tu, au ekseli nzima. Na hapo kuna mtego: kasha linaloshika krauni hubadilika kulingana na uwiano. Chevrolet ya bolti 12 ina makasha tofauti kwa uwiano mdogo, wa kati na mkubwa, kwa sababu pinioni ikiwa nene krauni lazima isogee. Ukivuka mpaka unanunua kasha jingine, au krauni nene iliyotengenezwa kuziba pengo hilo. Uliza kabla hujalipa.

Mtego wa pili unawahusu wenye MGA. Difu ya MGB inaingia kwenye MGA ikiwa tu imetoka kwenye ekseli ya zamani ya kichwa, na hiyo ilikuwa kwenye MGB ya wazi hadi 1967 hivi. MGB GT ilizaliwa 1965 ikiwa tayari na ekseli ya kundi la pili. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "ni ya GT, namba ni 3.909," namba ni ya kweli na difu haikufai.

Kwa jamaa wa Morris Minor mambo ni mepesi. Minor ya cc 948 ilikuja na 4.55, ya cc 1,098 na 4.22, na Midget za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 zina 3.9. Vichwa hivi vinabadilishana. Minor ya cc 1,098 yenye 3.9 ni gari tamu barabarani. Ile ya cc 948 ningeiishia 4.22, maana kwa 3.9 inaanza kuomba gia ya tatu mahali ambapo zamani haikuomba.

## Ekseli nzima: ni kwa nani?

Sababu ya kubadilisha ekseli yote isiwe uwiano peke yake. Iwe nguvu, au breki, au vyote. Ford Mustang ya 1965 ya silinda sita ilikuja na difu ndogo ya inchi 7.25, ya V8 ya kawaida ilikuwa na ya inchi 8. Mtu aliyeweka V8 kwenye gari lililozaliwa na silinda sita anajua ile ndogo haitamfikisha mbali.

Kwa magari hayo washindani huwa wawili: Ford ya inchi 9, na 8.8 kutoka Ford Explorer za 1995 hadi 2001. Inchi 9 ina kichwa kinachotoka mbele, kwa hiyo unaweza kuwa na vichwa viwili vya uwiano tofauti na kuvibadilisha. Pinioni yake inashikwa na beringi ya tatu nyuma ya meno, na hafu shafti zake zimezuiwa kwa bamba huko kwenye gurudumu. Hasara: pinioni imekaa chini sana, meno yanasuguana zaidi, na sehemu ya nguvu inaishia kuwa joto. Tena ni nzito. Explorer 8.8 inakuja na breki za diski tayari na haipotezi nguvu nyingi kama inchi 9 kwenye meno, lakini pinioni yake haiko katikati, bomba moja ni refu kuliko jingine, na hafu shafti zimeshikwa ndani kwa klipu. Shafti ya namna hiyo ikikatika, gurudumu linaweza kutoka na kipande chake. Kwa gari la barabarani lisilo na tairi za mashindano ningechagua 8.8 bila wasiwasi. Kwa gari la mbio za mstari mnyoofu, inchi 9.

Vipimo ndivyo huua miradi hii. Upana kutoka flenji hadi flenji; umbali kati ya vikalio vya springi; mpangilio wa bolti za ringi; urefu wa propela; saizi ya krosi (viungo vya propela); kebo za hendibreki; nafasi ya shokapu ya nyuma na bomba la moshi. Kikalio cha springi kikichomelewa kwa pembe isiyo sahihi, pinioni inatazama juu au chini kupita kiasi, na krosi zinatetema kwa mwendo fulani ambao hautaujua hadi gari liwe limefungwa lote. Chomelea kwa nukta kwanza, shusha gari likae kwa uzito wake kwenye springi, pima pembe, ndipo uchomelee moja kwa moja.

Hata ndani ya modeli moja usidhani ekseli zinafanana. MGB ya ringi za spoku ina ekseli nyembamba kuliko ya ringi za kawaida, kwa sababu habu za spoku zinachukua nafasi. Ukizichanganya, tairi linasugua ukingo wa bodi.

## Kuiacha difu mahali pake

Ovadraivu, gia ya ziada inayofungwa kwenye giaboksi, hushusha mizunguko kwenye gia ya juu peke yake, au ya tatu na ya nne, kwa asilimia 18 hadi 30 kulingana na aina. Gia ya kwanza haiguswi. Rivasi haiguswi. Hilo tu linatosha kuiweka mbele ya difu kwa yeyote anayeishi penye milima.

Volvo ilionesha jinsi mambo haya yanavyopangwa. Kwenye 1800, gari lisilo na ovadraivu lilipewa difu ya 4.10, na lenye ovadraivu likapewa 4.56. Yaani waliongeza nguvu ya chini wakijua tambarare itashughulikiwa na ovadraivu. Ukiwa na gari la namna hiyo, kushusha difu ni kuharibu hesabu ya waliolitengeneza. Mwenye MGB yenye ovadraivu ya 0.82 na difu ya 3.909 tayari anaendesha kwa uwiano wa 3.2. Akiongeza difu ya 3.07 anafika 2.5, gia ambayo injini ya lita 1.8 haitaivuta kwa raha popote isipokuwa kwenye mteremko.

Giaboksi ya gia tano inafanya kazi ileile kwa njia nyingine. Ford Type 9, iliyotumika kwenye Sierra, imeingizwa kwenye magari mengi ya zamani. Gia yake ya tano ni 0.82, na ya kwanza ni 3.65. Iweke mbele ya difu ya 4.3 na utapata 3.53 juu, huku gia ya kwanza ya MGA ikibaki karibu ileile. Linganisha na kubadilisha difu kuwa 3.5: mwendo uleule barabarani, ila kuondoka kumekuwa kuzito kwa karibu moja ya tano.

Bei ya faida hiyo ni kazi. Kengele (ganda la klachi) ya kuunganisha na injini, klachi inayolingana, kishikio cha nyuma cha giaboksi, propela ya kukatwa, kebo ya spidomita, na wakati mwingine nyundo kwenye njia ya katikati ya sakafu. Kwa fedha, hii huwa juu kuliko kichwa cha difu kilichotumika, tena kwa mbali.

Tairi refu ni njia ya tano na siipi muda mwingi. Linakupa asilimia tatu au tano, linaongeza uzito wa usukani, linapunguza nafasi kwenye matao, na linaharibu sura ya gari. Kama tairi zako zimekwisha hata hivyo, chagua lenye mzingo mkubwa kidogo. Usinunue kwa ajili hiyo tu.

## Land Rover, kwa sababu huulizwa kila siku

Series I, II na III karibu zote zina difu ya 4.7. Range Rover ya kwanza, Discovery na Defender zina 3.54. Vichwa vya 3.54 vinaingia kwenye ekseli za Rover za Series, hafu shafti za meno 10 zinakubali ikiwa kichwa nacho ni cha meno 10, na kwa hiyo kila mtu hushauri hivyo. Lakini hesabu: 4.7 kwa 3.54 ni theluthi nzima. Kwa tairi za 7.50-16, kilomita 90 kwa saa inatoka mizunguko 3,300 hivi hadi 2,500. Injini ya petroli ya lita 2.25, ikisukuma sanduku lenye kioo kilichosimama wima, haina nguvu ya kukaa hapo. Na lo ya magurudumu manne (gia fupi za nguvu), ambayo ndiyo sababu ya kuwa na Land Rover, imekuwa ndefu kwa theluthi hiyohiyo.

Lazima ubadilishe mbele na nyuma pamoja. Uwiano ukitofautiana, siku utakayoweka magurudumu manne kwenye ardhi ngumu, ekseli mbili zitavutana hadi kitu kikatike. Tena Land Rover ndefu za 109 nyingi, zikiwemo za Series III, zina ekseli ya nyuma ya Salisbury ambayo haipokei kichwa cha Rover, kwa hiyo kwao mpango mzima hauanzi.

Kwa Series yenye injini yake ningeweka ovadraivu, au gia za transfa (giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma) zenye uwiano mrefu zinazobadili upande wa hai, yaani wa mwendo wa kawaida, peke yake na kuiacha lo ilivyo. Kwa iliyokwisha kupewa dizeli ya 200Tdi au V8, 3.54 ndiyo jibu, na hapo sina ubishi.

## Difu isiyo ndani ya ekseli

Datsun za familia ya R160, R180 na R200 ni rahisi kuelewa: namba ni kipenyo cha krauni kwa milimita. Kadiri inavyokua ndivyo inavyobeba, na difu inafunguliwa na kushushwa peke yake. Jaguar E-Type inakatisha tamaa zaidi. Breki zake za nyuma ziko ndani, zimebanwa na difu yenyewe, na kuifikia vizuri unashusha keji (fremu inayoishika) yote ya nyuma. Ukishaishusha, badilisha sili, beringi na kaliper kwa mkupuo mmoja, hutapenda kurudi. Volkswagen Beetle ina difu ndani ya giaboksi, kwa 4.375, 4.125 au 3.875 kulingana na injini iliyozaliwa nayo, na kuibadilisha ni kupasua giaboksi. Hapo karibu kila mtu hutafuta giaboksi nzima ya modeli yenye injini kubwa zaidi.

## Ikishafungwa

Spidomita inayochukua mwendo kutoka mkia wa giaboksi haijui kwamba difu imebadilika. Kutoka 4.3 kwenda 3.909, ikisoma 100 wewe uko 110. Pinioni ndogo ya plastiki kwenye giaboksi inaweza kurekebisha ikiwa ipo ya meno yanayofaa. La sivyo kuna kisanduku kidogo cha gia kinachofungwa kwenye kebo. Beetle haina shida hii, spidomita yake inaendeshwa na gurudumu la mbele kushoto.

Oili iwe ya difu za namna hii, GL-5, isipokuwa kitabu cha gari kinasema vingine, na difu yenye kifaa cha kuzuia kuteleza mara nyingi huhitaji kiongezeo chake cha msuguano. Usiimwage hiyohiyo kwenye giaboksi ya zamani yenye pete za shaba bila kuangalia; nyingi zinataka GL-4.

Krauni na pinioni mpya huzalisha joto jingi. Safari ya kwanza iwe ya dakika 20 kwa mwendo wa kubadilikabadilika, kisha gari lipoe kabisa hadi uweze kushika difu kwa mkono. Usivute trela, usishikilie mwendo mmoja barabara nzima. Baada ya kilomita 800 mwaga oili na utazame plagi ya sumaku. Matope laini ya kijivu ni ya kawaida. Chembe unazoweza kuzishika kwa kucha zinamaanisha kichwa kinatoka tena, na safari hii fundi aje na ile rangi ya njano.